Megapikseli nyingi hazimwoni mwizi usiku: niliyojifunza nikifunga kamera Arusha

Mteja wa kamera akija, swali lake la kwanza karibia kila mara ni "hizi ni megapikseli ngapi fundi?" na ukimwambia 8 uso unamng'aa, ukimwambia 4 anaanza kuangalia duka la jirani. Siwalaumu, maana ndo namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi. Ila mimi kazi yangu ni kufunga kamera, Arusha hapa na mara nyingine Moshi, nimefunga Njiro, Sakina, Moshono, Usa River, nimepanda mpaka Kibosho na Marangu huko kwenye migomba, na kama kuna kitu natamani kila mtu akijue kabla hajatoa hela yake ni hiki: mchana kamera zote ni nzuri. Hata ya bei ya chini kabisa, saa sita mchana jua likiwaka, itakuonyesha mpaka vifungo vya shati. Mwizi haji saa sita mchana. Anakuja saa nane usiku, taa ya mtaani haiwaki na mlinzi kapitiwa na usingizi, na hapo namba ya megapikseli peke yake haikusaidii kitu, tena inaweza ikakuumiza kabisa.

Kuna yadi moja Njiro, kampuni ya utalii, wanapaki zile kruza za safari. Mwenye yadi ni mzee wa heshima zake, aliwekewa kamera na mafundi wengine kabla sijamfahamu, zote za 8MP kuzunguka fensi nzima, na mchana ukiziangalia kwenye tivii ya ofisini kwake unafurahi mwenyewe. Usiku mmoja wakaingia watu, wakang'oa vioo vya pembeni kwenye gari mbili na betri moja, wakaondoka zao. Asubuhi akanipigia, nikafika, shikamoo mzee, marahaba, njoo huku fundi nitolee sura ya huyu mtu. Tukakaa tukarudisha rekodi. Mtu anaonekana, kweli, anaruka ukuta, anapita katikati ya gari, anafika kwenye kruza ya kwanza. "Hapo hapo, simamisha, zumu usoni." Nikasimamisha nikazumu. Pale palipotakiwa kuwa na uso pana utepe mweupe unaovutika kurudi upande aliotokea, mkono wake wa kulia haupo kabisa, na kupitia tumboni kwake unaona tairi la gari lililoko nyuma yake. Tairi safi, mpaka maandishi yake unayasoma. Yani gari lililosimama linaonekana vizuri ajabu, mtu anayetembea ndo hayupo. Mzee akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizi si ndo 4K?" Ndiyo mzee, ni 4K (8MP ndo huitwa hivyo), nikamwambia, na wala hazijaharibika.

Iliniuma sana ile, kwa sababu hela aliyotoa ilikuwa inatosha kabisa kupata sura ya yule mtu, ila ilienda kwenye namba isiyo yenyewe.

Nieleze inakuwaje. Kila kamera nyuma ya lenzi ina kipande kinaitwa sensa, hicho ndo kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Ukubwa wake unaandikwa hivi: 1/3, 1/2.8, 1/1.8, 1/1.2, na wengi wanasoma kinyume, wanadhani 2.8 ni kubwa kuliko 1.8. Hapana, namba ya chini ikipungua sensa inakuwa kubwa. Zinaitwa inchi lakini ukipima kwa rula hupati inchi hizo, ni hesabu ya kamera za zamani za mirija ya kioo, imebaki tu mpaka leo. Kwa milimita ndo utaelewa: sensa ya 1/2.8 kutoka kona mpaka kona ni kama milimita 6.5, ya 1/1.8 inakaribia 9, ya 1/1.2 inakaribia 13. Ukipiga hesabu ya eneo, ile ya 1/1.2 ni karibu mara nne ya 1/2.8. Mara nne! Huo ni mwanga mwingi sana unaokusanywa na kamera ambayo kwa nje ukiiangalia unaweza ukadhani ni ile ile.

Sasa hapo ndo megapikseli inaingia. Sensa imegawanywa vichumba vidogo vidogo, kila kichumba ni pikseli moja, na mwanga unaoingia unagawanywa kwa vichumba vyote. Sufuria la makande likiliwa na watu wawili wanashiba, sufuria lile lile wakija watu nane kila mtu anapata kijiko. 2MP na 8MP kwenye sensa ya 1/2.8 ni hivyo hivyo. Na hii sio maneno ya fundi tu, ipo kwenye karatasi za watengenezaji. Sony wana sensa inaitwa IMX327, ni 1/2.8 ya 2MP, pikseli yake ina upana wa mikromita 2.9. Wana nyingine IMX415, nayo ni 1/2.8 lakini ya 8MP, pikseli yake mikromita 1.45. Nusu kwa upana, kwa hiyo robo kwa eneo. Alafu angalia hii: IMX347 ni 4MP lakini imewekwa kwenye 1/1.8, pikseli inarudi 2.9, na IMX485 ni 8MP kwenye 1/1.2, pikseli 2.9 tena. Kumbe ile kanuni mafundi tunayoambiana, 2MP iende na 1/2.8, 4MP iende na 1/1.8, 8MP iende na 1/1.2, haijatoka hewani, ni kwamba kila pikseli inabaki na ukubwa ule ule wa kushiba mwanga. Ukikuta 8MP kwenye 1/2.8 ujue hiyo ni kamera ya mchana, au ya sehemu yenye taa kali usiku kucha.

Usiku kamera yenye njaa ya mwanga ina njia tatu tu za kujiokoa na zote zina gharama yake. Ya kwanza inaongeza geini, yani inakuza ile ishara ndogo iliyopata, na chenga nazo zinakuzwa pamoja. Ya pili inapiga programu ya kufuta chenga, na programu hiyo inafanya kazi kwa kuchanganya fremu ya sasa na fremu zilizopita, kitu kilichotulia kinazidi kuwa safi na kinachotembea kinafutika, ndo maana tairi lilionekana kupitia tumbo la mtu. Ya tatu, na hii ndo mbaya kuliko zote, inapunguza spidi ya shata, inaacha dirisha wazi muda mrefu ili mwanga uingie wa kutosha.

Hapa kwenye shata naomba tukae kidogo maana ndo watu wengi wanapoibiwa bila kujua. Mtu anayetembea kawaida anaenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/12 ya sekunde, katika fremu moja ameshasogea sentimita 11 na kitu. Uso wa mtu upana wake ni kama sentimita 15. Yani uso umejipaka karibu upana wake wote ndani ya fremu moja, hakuna megapikseli itakayorudisha hapo, hata ungeweka 50. Shata ikiwa 1/100 amesogea sentimita moja na nusu tu, hapo sura inabaki sura. Na akiwa anakimbia ni mbaya zaidi, tuseme mita 4 kwa sekunde, hata kwa 1/30 amevuka sentimita 13. Kwa hiyo kamera ikiwa oto usiku inakupa picha ang'avu, nzuri, inavutia machoni, na haina mtu ndani yake. Ndo ilivyokuwa ile yadi. Kila usiku mzee alikuwa anaangalia simu yake kabla ya kulala anaona yadi inang'aa, analala na amani.

Mimi baada ya ile kazi nikaamua kujaribu kwangu Moshono, maana sipendi kumwambia mteja kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Nyuma ya nyumba hakuna taa ya nje, kuna uzio wa michongoma na mti wa parachichi. Nikafunga kamera mbili kwenye nguzo moja zimegusana, moja 8MP sensa 1/2.8, ya pili 4MP sensa 1/1.8, bei zake hazipishani sana. Mdogo wangu nikamvalisha kofia yenye maandishi mbele, nikamwambia tembea kutoka kwenye parachichi mpaka mlango wa jikoni, mwendo wa kawaida, usisimame. Kwanza nikaziacha zote oto. Akiwa amesimama chini ya mti, kusema ukweli 8MP ilikuwa nzuri zaidi, unaona mpaka mishono ya kofia, na mtu akikuonyesha hiyo picha dukani utanunua hapo hapo. Alipoanza kutembea akayeyuka, maandishi ya kofia yakawa mstari mmoja. Nikaziweka zote shata 1/100. 8MP ikawa giza lililojaa chenga, unajua tu kuna kitu kinasogea. 4MP nayo ikafifia, sio kwamba ilibaki kama mchana, lakini nilisimamisha fremu akiwa karibu na karo la kufulia nikasoma maandishi ya kofia na pua na ndevu zake naziona. Mama alitoka jikoni akauliza mnafanya nini usiku huu na baridi hii, nikamwonyesha zile picha mbili kwenye simu, akasema hii ya pili ndo mwanangu, ile ya kwanza ingekuwa mtu yeyote.

Kwa nini 1/100 na sio namba nyingine? Umeme wetu ni 50Hz na taa nyingi zinazotumia umeme huo zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni, sasa shata ya 1/50 au 1/100 inaendana na hiyo pepesa na picha haiji na mistari inayopanda na kushuka. Kama pana giza sana na kamera haiwezi 1/100, shuka 1/50, ila chini ya hapo kwa mahali unapotaka sura mimi siendi. Weka na kikomo cha geini, usiiache ipande mpaka 100, na ile setingi ya kufuta chenga iweke katikati au chini kidogo, picha itakuwa na chenga kiasi lakini mtu atabaki mzima.

Turudi kwenye megapikseli, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani nazichukia. Zina kazi yake na kazi hiyo inapimwa: pikseli ngapi zinaangukia kwenye mita moja ya upana pale mtu alipo. Kiwango cha kimataifa IEC 62676-4, toleo la 2014, kilisema pikseli 25 kwa mita utajua kuna mtu, 125 utamtambua kama ni mtu unayemfahamu, na 250 ndo utapata sura ya mtu usiyemjua. Sasa kamera ya 1080p, yani 2MP, ina pikseli 1920 kwa upana, gawanya kwa 250 unapata mita 7 na nusu hivi. 4MP yenye 2560 inakupa kama mita 10. 4K yenye 3840 inakupa mita 15. Hayo ndo mapana ya eneo unayoweza kuyafunika na bado ukapata sura, na hapo ni kama mwanga upo. Geti la nyumba ya kawaida lina mita 4. Unahitaji nini 8MP kwenye geti la mita 4?

Kinachoharibu ni lenzi. Kamera nyingi zinazouzwa hapa mjini zinakuja na lenzi ya milimita 2.8, na mteja anaipenda maana inaonyesha uwanja mzima na nusu ya jirani. Kwa 4MP ya 1/1.8 lenzi hiyo inakupa sura ya mtu akiwa ndani ya mita 4 hivi, akizidi hapo ni umbo tu. Weka lenzi ya 6 utapata sura kwenye mita kama 8, weka ya 12 utapata mita kama 16, ila unaona eneo jembamba. Kwa hiyo mimi siku hizi nagawa kazi: kamera moja ya lenzi ya 2.8 ya kuangalia uwanja, ijue nani kaja saa ngapi katokea wapi, na nyingine ya lenzi ya 6 au 12 ya kukaba sehemu ambayo lazima mtu apite, mlango, geti, kona ya njia. Ukitaka kamera moja ifanye vyote utakosa vyote. Na plate namba usiku ni kazi nyingine kabisa, maana plate inarudisha mwanga wote wa IR (ule usioonekana kwa macho ambao kamera inamulika nao usiku) inakuwa nyeupe tupu, inataka kamera yake peke yake na shata ya 1/500 au zaidi, sura hutapata hapo.

Lenzi ina namba nyingine ya F, inayoonyesha tundu lake la mwanga, namba ikipungua mwanga unaingia zaidi. F1.0 inapitisha mwanga mara mbili na nusu ya F1.6, na mara nne ya F2.0. Hiyo nayo ni kubwa, usiipite. Mtu anaweza kukuuzia sensa nzuri nyuma ya lenzi ya F2.0 na faida yote ikaishia njiani. Ila ya F1.0 inataka ilengwe vizuri umbali wake, vitu vya karibu sana na lenzi vinakuwa na ukungu.

Alafu kuna taa za kamera yenyewe. Za IR ziko za aina mbili, 850 ambayo ukiangalia kamera unaona vidoti vyekundu, na 940 ambayo huoni kitu lakini haifiki mbali. Watu wananiomba 940 ili mwizi asiijue kamera ilipo, nawaambia sawa ila umbali utapungua na sensa iwe nzuri zaidi. Kwa huku kwetu shida kubwa ya IR ni majani. Nilienda Kibosho kwa mama mmoja, nyumba nzuri iko ndani ya kihamba, migomba imekuja mpaka ukutani, analalamika kamera usiku inaonyesha jani tu. Na ni kweli, jani la mgomba liko nusu mita mbele ya kamera, linang'aa jeupe kwa IR, kamera inaona mwanga umezidi inajipunguza, kule nyuma mlangoni panakuwa giza. Hapo hakuna kubadilisha kamera, tulikata jani na kusogeza kamera kando, na tukaweka taa ya IR ya pembeni mbali na lenzi, imeisha hiyo. Ukungu nao ni hivyo hivyo, Sakina na Ilboru miezi ya Juni na Julai ukungu unashuka kutoka Meru, IR inagonga matone inarudi, unaona ukuta mweupe. Taa iliyotenganishwa na kamera inasaidia sana kuliko iliyozunguka lenzi. Na buibui wanapenda kujenga hapo hapo, utandu ukipita mbele ya lenzi kamera nzima inapofuka, kwa hiyo kitambaa na ufagio mrefu viwe kwenye ratiba.

Zile za rangi usiku zenye taa nyeupe, ColorVu na wenzake, mimi nazikubali. Rangi ya nguo ni ushahidi mkubwa, polisi ukiwaambia jaketi la kijani ni tofauti na kuwaambia jaketi la kijivu ambalo kwa IR linaweza kuwa rangi yoyote, maana kwa IR hata nguo nyeusi inaweza kuonekana nyeupe. Tena taa nyeupe inamfanya mtu ajue ameonekana. Ubaya wake ni mvua za kwanza, kumbikumbi wakitoka wanajaa kwenye ile taa na arifa kwenye simu hazikomi usiku kucha. Jirani naye asimulikwe dirishani kwake, ongea naye kwanza.

Urefu wa kufunga, kwa kifupi: mita 2 na nusu mpaka 3 kwa kamera ya sura. Nakuta zimepandishwa mita 5 juu ya fensi ili zisiibiwe, na kila rekodi ni ya kofia.

Kuna jambo la umeme ambalo watu hawalihusishi na usiku lakini ni la usiku. Sakina kuna mteja kamera zake mbili za mwisho zilikuwa zinazima na kuwaka kila ikifika saa moja jioni, mchana hazina tatizo, wakamwambia kamera mbovu anunue nyingine. Nikapima na mita kule mwisho wa waya, mchana volti 11 na kitu. Nikafunika kamera na kofia yangu ili ione giza, ikalia "tk" ile sauti ya kichujio cha IR kuhama, taa zikawaka, volti zikashuka chini ya 10 na kamera ikazima mbele ya macho yetu. Taa za IR zikiwaka kamera inavuta umeme mwingi zaidi, na waya ulikuwa mrefu na mwembamba. Nikaukwangua kwa kisu, juu una rangi ya kopa, ndani mweupe, aluminiamu iliyopakwa. Kamera zilikuwa nzima. Tulibadilisha waya tu. Kama unaanza upya weka za PoE, yani umeme na picha vinapita kebo moja ya mtandao, na kebo iwe ya kopa tupu, usizidishe mita 100, na UPS ndogo kwenye rekoda na swichi ya mtandao maana umeme ukikatika ndo watu wanatembea.

Hesabu ya hadidiski nayo ifanywe mapema. Kamera ya 4MP kwa H.265 (njia ya kubana video) ukiipa megabiti 4 kwa sekunde inakula kama GB 43 kwa siku. Kamera nne ni kama GB 173, diski ya TB 4 inakupa wiki tatu na siku kidogo. Na chenga zinakula diski, kwa sababu kwenye macho ya rekoda kila chenga ni kitu kinachosogea, kwa hiyo kamera yenye njaa ya mwanga ama inajaza diski ama inabana picha mpaka inaharibika zaidi usiku, wakati ule ule unaoihitaji.

Ukienda dukani usikubali boksi likusemee. Boksi litaandika 0.001 lux (lux ni kipimo cha mwanga), na mwezi mpevu kwa kawaida ni lux 0.1 mpaka 0.3, kwa hiyo kwa boksi hiyo kamera inaona mara mia kuliko inavyohitajika usiku wa mbalamwezi. Uliza walipima kwa shata gani, maana ukiacha shata wazi theluthi ya sekunde hata kamera mbovu itaona. Chukua namba kamili ya modeli, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, fungua karatasi yake ya vipimo, mstari wa sensa huwa uko karibu na juu kabisa. Kama muuzaji hana modeli inayopatikana popote, mimi hiyo sinunui hata aishushe bei kiasi gani. Na ukiweza kuomba klipu ya usiku, omba ya mtu anayetembea. Picha ya gari lililopaki usiipokee.

Hivi karibuni kuna mama ana duka la jumla maeneo ya soko la Kilombero, akaniita, tukasalimiana, akanipa karatasi ameandikiwa kamera nane za 8MP kwa bei ya kumvutia. Nikamwambia mama, kwa hela hii hii naweza kukuwekea nne tu, na za megapikseli chache. Aliniangalia kama namwibia, na ana haki yake. Nikamtolea zile picha mbili za mdogo wangu, ya shata 1/100 kwa kamera zote mbili, sikuongea sana. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hizo nane zingenipa huyu wa kwanza?" Usiku ndiyo mama. Tukazunguka duka lake pamoja akanionyesha wanapopitia watu. Mlango wa mbele na uchochoro wa nyuma wanaposhushia mizigo tukaweka 4MP za 1/1.8 zenye lenzi ya 6, urefu kama wa mtu na nusu hivi. Juu ya paa tukaweka yenye lenzi ya 2.8 ya kuangalia barabara yote. Giza lilipoingia nikamwomba mlinzi wake, kijana wa Kimasai, apite uchochoroni na shuka yake na rungu, kwenda na kurudi, mimi niko ndani na setingi, nikashusha kutoka 1/100 mpaka 1/50 kwa ile ya nyuma kwa sababu ukuta wake ni mweusi haurudishi mwanga, ya mbele ikabaki 1/100 maana kuna taa ya barabarani. Ya nne ilikuwa ya stoo, hiyo nikaweka 2MP ya kawaida tu ya 1/2.8, stoo ina taa inawaka usiku kucha, mlango ni mmoja na upana wake haufiki mita moja, hela iliyobaki tukanunulia waya mzuri.